Mwaka Nilioutupa Kakamega

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, kisha wenzangu vijana wa idara wakaniomba niwaandikie jambo wale wanaoanza masomo ya uzamivu. Walitaka nieleze nilivyopanda ngazi. Ngazi zangu zimo kwenye faili, na anayetaka kuzisoma amwone karani. Mimi nitaandika kuhusu miaka miwili ya tisini na kitu niliyokaa Kakamega nikitafuta udaktari wa usanifu wa mazingira. Karibu kila nilichowafundisha nilikipata huko, tena nje ya kijiji kile ni mtu mmoja tu aliyejua mwaka wangu wa kwanza ulikwenda wapi, naye ameshafariki.

Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi na ile iliyoezekwa mabati, ni ipi inayomstarehesha mtu mchana wa jua kali? Kila familia iliyopata mavuno mazuri ilikuwa ikishusha nyasi na kupandisha mabati, nasi wasanifu wa Nairobi tulikuwa tukilalamika kwenye makongamano kwamba watu wanajipika wenyewe. Hakuna aliyekuwa amekwenda kukaa ndani ya nyumba hizo na kipimajoto mkononi. Profesa aliyenisimamia, mzee mwembamba aliyevaa sweta ya kijani hata mwezi wa pili, aliniambia niende mimi. "Kaa humo mpaka uchoke," alisema. "Ukichoka, kaa tena."

Nilikuwa na binti wa miaka sita, Mghoi. Baba yake alikuwa ameshaanzisha familia nyingine, na simlaumu sana, maana mimi nami nilikuwa nimeolewa na vitabu. Nilimpeleka mtoto kwa mama yangu, milimani Taita, nikapiga magoti uani nikamwahidi kwamba nitakaa mwaka mmoja tu. Aliniuliza mwaka una urefu gani. Nikamwambia kwamba nyanya yake atapanda mahindi na kuyavuna, atapanda tena, na yakivunwa mara ya pili mama atakuwa amerudi. Alikubali kwa kichwa, kama watu wazima wanavyokubali bei.

Kakamega nilipanga chumba Amalemba, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu na mkewe. Kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Siku ya kwanza nilitandaza vyombo vyangu mezani nikavikagua kimoja kimoja. Nilikuwa na kipimajoto chenye mirija miwili, mmoja umevishwa kitambaa kilicholoweshwa; unakizungusha hewani kwa mpini wake, kisha tofauti ya mirija hiyo inakueleza hewa ina unyevu kiasi gani. Nilikuwa na futi ya chuma, daftari za mistari, penseli kwa kuwa wino na mvua havipatani, na ule mpira wa shaba unaoelea ndani ya tangi la choo. Mpira huo niliupaka rangi nyeusi nikauchomekea kipimajoto katikati. Ukiutundika chini ya paa unakuonyesha joto linaloshuka kutoka kwenye paa lenyewe. Vyombo vilivyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo vilikuwepo, ila vilikuwa Ulaya. Mpaka nastaafu, mwanafunzi aliponiambia hana vifaa nilimwuliza kama choo cha kwao kina tangi.

Nilichagua nyumba sita katika kijiji kimoja karibu na Lubao, tatu za nyasi na tatu za mabati, zote zikiwa na kuta za udongo na zote zikitazama upande mmoja. Nilikwenda kwa baiskeli. Mwanamke wa suruali juu ya baiskeli alikuwa kitu cha kukatiza mazungumzo, na siku za soko la mifugo nililazimika kushuka na kuisukuma katikati ya ng'ombe, ambao peke yao hawakunishangaa. Nilikwenda Jumanne na Ijumaa, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi, nikizunguka nyumba hadi nyumba na kusoma vipimo. Sikukosa wala sikuchelewa. Profesa alikuwa amenifundisha kwamba mtafiti asiye na ratiba ni mtalii, nami niliishika ratiba ile kama msahafu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Jeni, mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto watano na kipande cha miwa nyuma ya boma. Paa lake lilikuwa la nyasi nene, zilizokatwa sawasawa kwenye ukingo. Kila nilipofika alikuwa ameshasimama mlangoni. "Mulembe, Madam," alinisalimu, akanielekeza kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani mlikuwa na ubaridi mtamu. Sakafu ilinukia udongo na samadi, na katika daftari niliandika: sakafu ya udongo na samadi, safi sana. Saa saba aliniletea ingokho na ugali chini ya kawa, na yule kuku alikuwa wa moto, na mimi, mtafiti wa joto la nyumba, sikujiuliza hata siku moja kuku huyo amepikwa wapi.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika vitabu vya mbinu za utafiti. Upweke wa kazi hii hauna sauti. Kijijini walikuwa wakinikaribisha kwa Kiswahili, kisha baada ya salamu lugha inarudi kwao na kicheko kinaanza, nami natabasamu kwa kubahatisha. Niliitwa Madam. Jina langu ni Wakesho, na ilipita miezi bila mtu kulitamka. Jumapili mwenye nyumba na mkewe walikwenda kanisani asubuhi na kurudi jioni, nami nikapika viazi viwili, nikala kimoja, nikakaa na kingine. Siku nyingine niliisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza saa nne asubuhi, nikimwambia mama wa sokoni kwamba nyanya zake zimeiva mno. Mvua ya Kakamega huja mchana, na ikija hukufungia ulipo. Nilikuwa nikisimama dirishani nikiutazama ule ukuta wa jirani ukilowa, nikimwaza mtoto. Nililia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kilichonishikilia ni daftari. Wiki baada ya wiki vipimo vilisema jambo moja: nyumba za nyasi zilikuwa na ubaridi na hewa nyororo, za mabati zilikuwa tanuri kavu. Ndilo hasa nililotumaini, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini mwenye njaa hachunguzi chungu. Mwezi wa kumi nilianza kuandika sura ya matokeo. Mama yangu aliniandikia, kwa mkono wa mwalimu jirani, kwamba mahindi ya pili yamepandwa na Mghoi hukagua shamba kila akitoka shule. Nilimnunulia gauni la manjano, nikilikadiria kwa macho dhidi ya mtoto wa mwenye duka.

Kisha malaria ikaniangusha. Jumanne moja sikuamka. Jumatano nilikunywa uji. Alhamisi nikajikongoja hadi kijijini nifidie siku niliyoikosa, bila mtu kujua kwamba naja, maana simu hazikuwepo huko.

Nyumba ya Mama Jeni ilikuwa imejaa moshi. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akigeuza maharage, watoto wamemzunguka na sahani zao, sakafu imepasuka kwa ukavu na vumbi linaruka. Joto lilinipiga usoni mlangoni. Aliponiona alishika kichwa.

"Madam! Leo si Alhamisi? Unaniaibisha, ona nyumba iko namna gani!"

"Iko vipi, Mama Jeni?"

"Sijasiliba chini na samadi! Na hii moshi. Ngoja nitoe moto nje."

Nilimwomba asiguse kitu. Niliutundika ule mpira mweusi chini ya paa, nikakizungusha kipimajoto, nikasoma. Nilisoma mara ya pili nikidhani bado nina homa. Nilikwenda kwa jirani yake, Mama Rispa, mwenye mabati na sakafu ya saruji, nikasoma. Kwa Mama Rispa palikuwa kama siku zote. Kwa Mama Jeni palikuwa karibu kama kwa Mama Rispa. Nyasi zangu pendwa zilikuwa zimeshindwa kunipa hata sababu ya kupanda baiskeli. Nilirudi nikaketi, safari hii chini.

"Mama Jeni, huwa unasiriba sakafu lini?"

"Si unakujanga Jumanne na Ijumaa? Basi hizo siku nasilibanga asubuhi na mapema, na ukuta pia. Mgeni hawezi kanyaga vumbi."

"Na moto?"

"Moto nazimanga mbele ufike. Macho yako itauma."

"Na kuku yule wa mchana?"

"Ingokho napikianga huko nyuma, kwa jiko ya Mama Rispa."

"Watoto nao wanakula saa ngapi siku hizo?"

Alicheka, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Watoto wanakulanga ukishaenda. Ni siku mbili tu kwa wiki, Madam. Hawawezi kufa."

Wasiojua kazi yetu niwaeleze kwa ufupi. Sakafu na ukuta vilivyosiribwa asubuhi ni vibichi, na ubichi unapokauka hupoza nyumba siku nzima na kuijaza unyevu. Wenye nyumba za nyasi wote watatu walikuwa na sakafu za udongo, na wote watatu walikuwa wakinisiribia na kunizimia moto. Wenye mabati walikuwa na saruji, ambayo haisiribwi; wao waliipangusa tu na kitambaa, na jiko lao lilikuwa banda la nyuma. Kwa karibu mwaka mzima sikuwa nimepima nyasi wala mabati. Nilikuwa nimepima heshima ya watu kwa mgeni, tena kwa usahihi mkubwa, na watoto wa watu walikuwa wamengoja chakula hadi saa kumi ili vipimo vyangu viwe vizuri. Ratiba yangu niliyojivunia ndiyo iliyowapa nafasi ya kujiandaa.

Nilimpigia Profesa simu kutoka kibanda cha posta, sarafu zimejaa kiganjani. Nikamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na Mama Jeni."

"Mama Jeni ni mmoja wa watahini?"

"Hapana, Profesa."

Alikohoa. "Basi ulicho nacho kinatosha kupita. Hakuna mtahini atakayekwenda kukagua sakafu. Sikwambii uvitupe vipimo vyako na sikwambii uvibakishe. Amua, kisha unipigie. Ila usinipigie unalia, sarafu zinakwisha."

Nilikaa siku tatu na ile sura ya matokeo. Niliisoma, nayo ilikuwa nzuri. Ilikuwa na michoro. Nikiibakisha, nitakuwa nyumbani kabla ya mahindi kuvunwa. Nikiitupa, mwaka mwingine. Nilijaribu kila hila ya msomi: niliandika tanbihi kwamba baadhi ya sakafu zilikuwa na unyevu, nikaifuta, nikaiandika tena kwa maneno marefu zaidi. Lakini kila nilipofumba macho niliwaona wale watoto na sahani zao. Na niliwaza kwamba siku moja mtu ataezeka nyumba kwa neno langu, kisha atakaa ndani yake mchana akitokwa jasho na kujiuliza nani alimdanganya. Jumatatu nilizifunga daftari zote kwa kamba nikazisukuma chini ya kitanda. Nilimpigia Profesa nikamwambia narudia. Alisema "Sawa," akakata. Baadaye nilijua kwamba alikwenda mwenyewe kuniombea muda mbele ya kamati, na hakuwahi kunitajia.

Nisilipambe jambo hili. Nilikuwa na mtoto upande mmoja na ukweli wa vipimo upande wa pili, nami nikachagua vipimo. Watu wakinisifu kwa uadilifu huwa sijui nitazame wapi. Niliandika barua Taita na kutuma lile gauni. Jibu la mama lilikuwa mistari minne. Gauni limembana mabegani, aliandika. Mghoi ameuliza mahindi yatapandwa mara ngapi tena, nami nimemwambia aache kuhesabu.

Mwaka wa pili niliacha ratiba. Niliandika siku za wiki kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kopo la majani ya chai, na kila Jumapili nikachomoa viwili bila kuangalia. Nilidhani nimekuwa mjanja. Mama Jeni, asiyejua tena nakuja lini, alianza kusiriba kila siku. Wenzake wawili wakamwiga. Vipimo vikawa vibaya kuliko vya mwanzo. Wiki ya tatu nilimkuta uani, samadi hadi kwenye viwiko, amechoka hata kunisalimu hawezi.

"Madam, utaniua," alisema. "Kila siku nasiliba, kila siku. Wewe utakuwanga mgeni mpaka lini?"

Kwetu tuna methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilikuwa nimekaa juu ya kitambaa cha kufuma mwaka mzima. Nilivua saa yangu nikaifunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga juu ya suruali, nikaingiza mikono kwenye ile samadi. Alinizuia. Nikakataa kuzuiwa. Alitazama nilivyosiriba akasema kuku wanaparua vizuri zaidi, kisha akanionyesha namna ya kulaza kiganja.

Tangu hapo nilikwenda karibu kila siku. Nilipalilia miwa, nikachambua maharage, nikabeba maji nikayamwaga nusu njiani huku wanawake wa kisimani wakipata burudani ya wiki. Kila saa nilinawa, nikasoma vipimo, nikarudi kazini. Haukuwa urafiki wala undugu siku ile wala mwezi ule. Bado walizungumza lugha yao, bado sikuelewa, na jioni bado nilirudi kwenye dirisha langu la ukuta. Lakini kiti kilianza kuwekwa vitu: kwanza kapu, kisha nguo za mtoto. Mama Jeni alisiriba kwa siku alizosiriba tangu zamani, mara moja kwa wiki au wiki mbili, kwa ajili yake mwenyewe.

Siku moja nilifika saa sita hivi. Moshi ulikuwa umetanda. Mama Jeni alikuwa akisonga ugali, na hakugeuka.

"Umechelewa, Wakesho. Shika hii mwiko, obusuma isiungue. Naenda kubadilisha ng'ombe kamba."

Akanipa mwiko akatoka. Niligeuza ugali huku macho yakinitiririka, nikawagawia watoto, kisha nikanawa nikasoma vipimo. Palikuwa na joto baya ajabu, na ukavu, na kila tarakimu ilikuwa ya kweli. Ukurasa ule bado ninao, una alama ya kidole chenye unga. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumwambia mtu, na nilipotazama huku na huku nikakumbuka kwamba mtu mwenyewe yuko Taita.

Tasnifu ilitoka fupi. Ilisema kwamba tofauti ya nyasi na mabati ni ndogo kuliko tunavyohubiri, kwamba sakafu, moto na tundu la kutolea moshi ndivyo vinavyoamua mchana wa mtu, na kwamba anayetaka kujua nyumba ikoje asubiri mpaka aachwe peke yake jikoni. Watahini waliuliza maswali mengi kuhusu michoro. Waliponipongeza, Profesa alinipa mkono akasema, "Sasa nenda nyumbani," nami nikaondoka hata kabla ya chai.

Nilifika Taita mchana. Mama alikuwa shambani. Nyumbani alitoka binti mwenye miguu mirefu, aliyekatwa nywele kwa namna ambayo sikuijua, akaniambia shikamoo huku akitazama begi langu. Nilifungua mikono. Alikuja, akakumbatiwa, akangoja nimalize. Kisha akaingia ndani akaleta kiti, akakipangusa kwa pindo la gauni, akakiweka kivulini. Akaniletea maji, si katika kikombe bali katika glasi, na glasi juu ya sahani. Akarudi nyuma hatua mbili akasimama, mikono mgongoni.

"Nyanya yuko shambani," alisema. "Nimwite? Utakaa mpaka lini?"

Nilikuwa nimetumia miaka miwili kujifunza kuitambua hali ile, na nina cheti chake. Nilikunywa maji yote, kwa kuwa maji ya kukaribishwa hayakataliwi. Kisha nikainuka, nikakirudisha kiti ndani mwenyewe, nikamwuliza mwanangu jembe la nyanya yake linakaa wapi.

Alilileta. Alinitazama miguuni.

"Hivyo viatu vitaharibika," alisema.

Nikavivua.